Jina la Dereva Kwenye Fomu ya Bima

Bahati, Nakuru
12 Novemba

Kwa Baba mpendwa,

Chamgei, Baba. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye kiti chako cha upande wa jua, koti begani, na kwamba baridi ya Keringet haijalirudia goti lako. Mama anaendeleaje na kikohozi? Na yule ng'ombe wa madoa ameshazaa, au bado anawazungusha? Mimi ni mzima. Kazi ya kutibu mifugo ya watu inanipeleka kila upande wa Bahati, na jioni nikirudi chumbani huwa nawasha jiko na kujiuliza nyinyi mnakula nini. Hiyo ndiyo saa inayonishinda. Nawakumbuka sana.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu wewe huisikii vizuri, halafu unampa Mama, naye anakuelezea anavyotaka yeye. Haya ya leo nakuomba uyasome mwenyewe, kwa miwani yako, polepole. Nimempa Emmy wa dukani akuletee mkononi.

Nianze na habari njema. Nimenunua gari. Usiinuke kitini, ni kagari kadogo tu, kameshatembea kuliko mimi na wewe, lakini kataniwezesha kumfikia ng'ombe wa mtu kabla hajafa. Shida ni dereva, maana bado ni mwanafunzi. Mwalimu wangu, Bwana Hiram, ana subira kama yako siku za kupanda viazi, yaani inaisha saa nne asubuhi. "Madam," huniambia, "hiyo ni breki, si mdudu. Ikanyage pole pole." Wiki ya kwanza nilizima injini mara saba nikizunguka mahali pamoja, na waliokuwa nyuma yangu wakapiga honi mpaka nikawajibu maneno ambayo sitamwandikia mzee wa kanisa kama wewe. Sasa nimeboreka. Mtihani ni mwezi ujao.

Lakini gari haliwezi kugusa barabara bila bima, hata kama anayeliendesha anakwenda mwendo wa kobe. Bwana Hiram akanielekeza kwa wakala mmoja anayeitwa Wangui, mama wa makamo mwenye ofisi juu ya duka la mabati mjini Nakuru. Nilipanda zile ngazi nikijua ninachotaka: bima ya bei ya chini kabisa, nipewe cheti, nishuke.

Wangui hakunipa. Alinikalisha, akanimiminia chai, akaanza kunieleza. Kuna ile wanayoiita thad pati, ambayo inamlipa yule uliyemgonga na kukuacha wewe na vyuma vyako. Na kuna ile kubwa, ambayo inalitengeneza na gari lako pia, ila kwa sababu mimi ni mwanafunzi, likipata ajali nitabeba sehemu ya hasara kubwa kuliko anayoibeba dereva mzoefu. Akaniuliza ningechagua ipi.

Baba, aliposema vile vyuma, nilikuona wewe. Nilikuona umesimama kando ya pikapu yako siku ile ya Agosti, kofia mkononi, unaiangalia ilivyolala mtaroni chini ya nyumba ya maziwa ya ushirika. Miaka mingapi ya viazi iliingia kwenye ile pikapu? Bima ilijenga upya ukuta wa nyumba ya maziwa, na pikapu yako ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Hukulalamika hata siku moja kuhusu gari. Ulichosema ni kile ulichomwambia Kiptum mbele yetu sote mezani, kwamba hakuna tena kitu cha nyumba hii utakachomkabidhi. Jumatatu yake kaka yangu akaondoka na begi moja.

Nikamwambia Wangui aniandikie ile kubwa.

Akachukua fomu. Jina, kijiji, kazi, yote nilijibu haraka. Kisha akauliza ni nani atakayeketi kando yangu mpaka nipate leseni kamili, maana mwanafunzi haruhusiwi kuendesha peke yake na Bwana Hiram hawezi kunifuata kila boma. Nikasikia mdomo wangu ukisema ni kaka yangu, anaitwa Kiptum, ana leseni ya miaka kumi na moja.

Najua jina hilo huwa halitajwi hapo kwenu. Mimi huwa natumia likizo zangu kwenda kumwona Naivasha, Baba, na nimewaficha. Anaishi Kihoto, kando ya ziwa. Ziwa lilipopanda aliamka akakuta maji yamefika kitandani, akahama, kisha akarudi, maana kodi ya kule ni nafuu. Anaendesha lori la shamba la maua na hajawahi kugonga hata kuku. Pombe hanywi. Hakuwahi kunywa, chochote walichosema pale sokoni. Ukutani ametundika picha moja tu, yako wewe na yeye mkiwa kwenye pikapu, yeye akiwa mdogo, ameketi kwenye mapaja yako ameshika usukani.

Wangui akaendelea. Akauliza kama mimi, au yeyote atakayeliendesha gari hili, amewahi kuhusika katika ajali. Nikataka kusema hapana. Akaiona ile hapana ikija, akaweka kalamu chini. "Msichana wangu," akasema, "hapa si kanisani, lakini hii fomu inataka ukweli. Ukinificha leo, siku ya shida kampuni itakuacha barabarani." Kisha akanisukumia fomu niandike mwenyewe. Kulikuwa na nafasi ya mwaka wa ajali, na nafasi ya jina la aliyekuwa akiendesha.

Nikaandika mwaka ule. Kwenye jina la dereva nikaandika langu.

Baba, ni mimi. Asubuhi ile Kiptum alikuwa anapeleka maziwa, nami nilimsumbua tangu getini aniachie usukani pale barabara inaponyooka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Alikataa, nikamlilia, na unajua hakuwahi kuweza kuninyima kitu. Tulipofika kwenye kona nilitaka breki nikakanyaga mafuta. Ukuta ulipokuja nilifumba macho. Kiptum alinivuta nje, damu ikimtoka kwenye paji la uso, akaniambia nipitie mashambani nikimbie nyumbani, nikutwe naosha vyombo. Alisema dereva asiye na leseni akijulikana, bima haitalipa hata ukuta wa watu, na ushirika utakuja kuchukua ng'ombe zako. Kwa hiyo wewe ulipofika ulimkuta peke yake, na polisi walipouliza, alijibu kwamba ni yeye.

Najua tulidanganya kampuni, na hilo nitalijibu nikiulizwa. Lakini kubwa zaidi ni kwamba nilikaa mezani jioni ile nikakusikia ukimfukuza, nikaendelea kula ugali. Nilikuwa mwoga. Nilijiambia nitasema nikimaliza shule. Kisha nikasema nikimaliza chuo, kisha nikipata kazi. Miaka tisa, Baba. Kiptum mwenyewe nikimwambia sasa nitasema hunijibu, "Jeruto, wachana na hiyo stori, mzee asiumie mara mbili." Juzi nilipompigia kumweleza kuhusu bima, alikubali kuketi kando yangu popote, isipokuwa njia ya kupanda kwetu. Nilimwambia ni hiyo hasa ninayoitaka. Akaniuliza kama bado unalala bila kufunga dirisha.

Mama ameniambia siri moja, usimgombeze. Amesema kila Desemba huwa unamwambia aweke kibuyu kimoja cha maziwa ya mursik, kile chenye ukanda wa shanga ambacho kilikuwa cha Kiptum, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Mwezi wa kwanza ukiisha, unakipeleka mwenyewe nyuma ya zizi na kukimwaga, ukisema kimeharibika. Tangu anieleze hayo sijalala vizuri. Nilidhani ni mimi na Kiptum tu tunaoumia.

Sikuombi unisamehe upesi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa miaka yote tisa, nastahili. Ila hasira uliyomwekea Kiptum iondoe. Haikuwa yake.

Tutakuja Jumamosi kabla ya Krismasi. Mimi nitakuwa kwenye usukani, yeye kando yangu, na pale kwenye kona nitapunguza mwendo. Msalimie Mama na majirani wote wa upande wa mtoni, na umwambie yule wa madoa kwamba daktari wake anakuja.

Na kile kibuyu cha ukanda wa shanga, Baba, mwaka huu usikimwage.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Jeruto