Kikombe cha Kwanza cha Mwenye Duara

Shikamoo Bibi Paskalia, mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako upesi, na usishangae mwandiko kurukaruka, ni furaha tu, maana mume wangu Mageni ameacha pombe, hagusi, hanusi, hapiti hata karibu na kilabu, na jioni anarudi amenyooka mpaka majirani hapa Rwamgasa wananiuliza nimempa dawa gani.

Sijampa kitu. Yeye ni mwenye duara, yaani shimo la dhahabu wanalochimba na wenzake, na kundi lao lina mwiko wake, kwamba tangu mwamba wa dhahabu unapoonekana mpaka kiroba cha kwanza cha mawe kitoke juu, hakuna wa kuonja pombe, akionja mmoja dhahabu inawakimbia wote. Basi Mageni huyohuyo aliyemsahau binti yetu Violeth mnadani, mtoto akarudishwa na mama muuza dagaa huku baba mtu amelala nyuma ya banda la nyama, huyohuyo aliyeapa kanisani, akaapa kwa mama yake, akaapa magotini pangu akilia na jioni yake akalewa, leo ni mkavu tangu masika, amenawiri, anaimba akioga, Violeth anasinzia kifuani pake, na mimi nakaa kuwatazama mpaka mboga inaungua.

Ndipo nikagundua kumbe alikuwa anaweza siku zote. Kama mtu anaacha kwa ajili ya mawe, basi ulevi ni kuamua tu, na miaka yote ile alikuwa ananidharau, kwa hiyo nina furaha na nina hasira kwa pamoja. Shemeji yangu Donatus anasema, "Shemeji, ule ni ugonjwa. Mwiko ukiisha utamwokota mtaroni." Hatusalimiani vizuri tangu aseme hivyo.

Sasa kuna desturi. Siku kiroba cha kwanza kinapotoka, mke wa mwenye duara ndiye anayemkabidhi mumewe kikombe cha kwanza cha pombe mbele ya kundi zima, akinywa yeye mwiko unafunguka, wengine wanafuata. Mtama wa kimea nimeshaulowesha, gauni la kitenge limeshonwa. Siku hiyo ingekuwa imeshafika, ila Mageni kila mara anasema matimba, zile nguzo za kuzuia shimo lisiporomoke, hayajakaa sawa, yang'olewe yafungwe upya, na wenzake wananung'unika, lakini mimi naona ni uangalifu wa mtu mwenye akili zake timamu. Juzi aliniita mama kwa Kisukuma, akauliza, "Mayu, hivi huo mtama lazima uuoteshe wote?" Nikacheka, nikamwambia wageni ni wengi.

Nataka anywe kikombe kimoja, akiweke chini, aondoke zake, watu wote waone na Donatus awe mstari wa mbele. Je, nimkabidhi?

Mama Violeth, Rwamgasa

*

Marahaba, Mama Violeth. Barua yako nimeisoma nikiwa wima, na hapo Violeth anaposinzia kifuani kwa baba yake nimerudia nikisoma kwa sauti. Nimefurahi kweli. Sasa kaa chini nikugombeze.

Unasema alikuwa anaweza siku zote. Hebu angalia kilichomshika safari hii. Wenzake wote hawanywi, anashinda nao, anakula nao, na mmoja akiyumba wote wanamdaka. Siku alizoapa magotini pako alikuwa peke yake, na akitoka mlangoni rafiki zake wote walikuwa kilabuni. Wewe mke wa mchimbaji, umeona wapi mtu anashushwa shimoni bila matimba, halafu anaambiwa ajikaze ukuta usimwangukie?

Donatus naye usimpe ushindi wote. Ugonjwa upo, mwili uliozoea pombe unaitaka kwa nguvu usiyoijua wewe unayeonja siku ya harusi. Lakini mgonjwa ana uamuzi wake, na Mageni ameufanya kila asubuhi tangu masika. Kumtangazia mtaro kabla hajaanguka ni ukatili.

Na kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Dhahabu iko pale, kundi linaitaka, na mwenye duara ndiye anayeichelewesha. Anang'oa matimba mazima na kuyafunga upya. Anakuuliza habari za mtama, unacheka. Mama Violeth, mumeo haogopi shimo kuporomoka. Anaogopa kikombe chako, na wewe unamshonea gauni.

Usimkabidhi pombe, hata tone. Huwezi kumpima mtu uzima kwa kumpa kilekile kilichomwangusha. Leo akimaliza kuoga muulize, "Baba Violeth, unaiogopa siku ile?" Kisha nyamaza, na unyamaze kwelikweli. Akikubali, nendeni wote wawili kwa aliye mkubwa kwa umri kundini mkamweleze kwamba kikombe cha kwanza kitakuwa togwa. Kimea ni kilekile, wewe usikiache kichachuke tu, na watu walioshika mwiko wote huo hawashindwi na togwa. Kabla ya siku yenyewe nendeni kituo cha afya, muulizieni anayeshughulika na afya ya akili, mseme wazi bila kuona haya, kwa sababu baada ya sherehe atahitaji watu wa kumdaka kama wale wa shimoni.

Donatus mpe kazi. Siku hiyo akae ubavuni kwa kaka yake, na wengine wakianza kulewa amrudishe nyumbani. Na ikitokea Mageni ameteleza, usiseme amekudharau, mnaanza upya asubuhi yake. Ila mnadani na mtoto asiende peke yake kwa sasa, hilo silijadili.

Gauni livae. Mpe mumeo togwa kwa mikono miwili, mbele ya kundi zima. Na usingoje mpaka siku hiyo, mwambie leo kilichomo kikombeni, maana nadhani kesho asubuhi matimba yatakuwa yamekaa sawa.

Bibi Paskalia