Mwanamke Aliyeshindana na Farasi wa Mfalme

Soweto, Moshi
Jumanne, 8 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini karatasi hii inakukuta umeamka vizuri na goti limeacha kukusumbua, maana nilisikia mvua hizi zimekurudisha kwenye fimbo. Ng'ombe je, ameshazaa? Sisi huku hatujambo. Salvina anauliza kila asubuhi bibi amekwenda wapi, na mtori wangu wa ndizi hautaki, anasema wa bibi ulikuwa na mifupa. Mdogo wake anaongezeka, wiki iliyopita amefika kilo tano, ananyonya mpaka pua inatoka jasho.

Utashangaa mama Wilbert kukuletea barua kutoka sokoni wakati simu ipo. Kwenye simu nimejaribu mara tatu. Ukipokea tu unasema nimweke mtoto sikioni, unaanza kumwimbia, na mimi naishiwa nguvu. Kuna jambo inabidi ulijue kabla ya ubatizo wa Jumapili, na ulijue kutoka kwangu, siyo kanisani mbele ya watu. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikizunguka univumilie.

Nianzie mwezi wa kumi na moja, mimba ikiwa na miezi saba. Daktari aliniambia presha imepanda, nilale, niinue miguu, nisibebe kitu. Wewe sikukwambia, sikutaka ukose usingizi. Hilo nalo ni kosa langu. Filemon mkweo, si unajua kazi yake ya kutengeneza simu, akaniwekea gemu la mbio ili kulala kusinichoshe. Unachagua mtu wa kukimbia, na wapo wengi, wenye mikuki na wenye mabawa, lakini mimi nilimpenda mmoja tu, mwanamke wa nywele nyekundu mwenye tumbo kubwa kama langu. Anaitwa Maka.

Filemon alinisomea maelezo yake, akasema waliotengeneza gemu wamemtoa kwenye hadithi za kale za nchi ya Ireland. Mume wake alikwenda kwenye sherehe ya mfalme, akaona farasi wa mfalme wanasifiwa, akajigamba kwamba mke wake anawapita. Mfalme akaagiza aletwe. Yule mama siku zake zilikuwa zimefika, akawaomba wasubiri ajifungue kwanza, akawakumbusha kwamba hata wao walizaliwa na mwanamke. Wakakataa.

Kwenye gemu kuna kitufe cha kumwomba mfalme asubiri. Mama, nilikibonyeza kuliko hata cha kukimbia. Mfalme anatikisa kichwa tu. Basi unakimbia, unawapita farasi, na pale mwisho anaanguka na kuzaa mapacha. Filemon aliniambia hadithi yenyewe haiishii hapo. Yule mama aliwalaani wanaume wote waliokuwa wakimtazama, kwamba siku watakayozihitaji nguvu zao, watashikwa na uchungu wa kuzaa. Tulicheka sana siku ile. Filemon alisema mfalme huyo angekuwa wa huku kwetu, wazee wangemtoza ng'ombe.

Tarehe ishirini na sita ya mwezi wa kumi na mbili tukapanda kwako Machame kwa ajili ya sikukuu. Unakumbuka shangazi Flavia na wenzake wa Dar walivyokaa barazani na pombe yao ya mbege, wakitutania sisi wasichana wa mjini, kwamba tukipata mimba tunatembea kama tumebeba trei ya mayai. Ukawajibu kwamba labda hao wa Dar, siyo Herieth wako. Ukasema wewe ulinibeba mimi tumboni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani mpaka asubuhi ya kunizaa, na damu ni ile ile. Shangazi akasema haya basi, tuone. Nikakuvuta pembeni nikakwambia miguu imevimba, naomba nipumzike. Ukaniambia taratibu kwamba nisikuaibishe mbele ya wifi zako, mzigo wenyewe mdogo, ni pale chini ya mfereji tu.

Nikaupandisha. Kile kilima unakijua. Nilipofika bandani shangazi akapiga vigelegele, na wewe ulikuwa unatabasamu kama siku ya harusi yangu. Nikatua mzigo, chupa ya uzazi ikapasuka. Vigelegele vilikuwa havijaisha.

Mtoto akazaliwa kesho yake, kabla ya wakati wake, mdogo kama paka. Najua ulivyokaa kwenye benchi la nje bila kula. Na najua ulivyokuja kunilea, miezi mitatu kwenye chumba chetu hiki, ukinikanda kwa maji ya moto, ukilala kwenye mkeka ili mimi nijinyooshe kitandani. Salvina alichukua jina la mama yake Filemon, kwa hiyo huyu wa pili alikuwa wako tangu hajatungwa. Kila ulipomwogesha ulimwita Aika, Aika somo yangu. Mchana mmoja ulidhani nimelala. Nikakusikia ukimpaka mafuta na kumwomba msamaha kwa Kichagga, kwa ajili ya ule mzigo. Ulimwambia bibi yake alikuwa mjinga wa sifa. Mimi hukuniambia, ulimwambia yeye. Nikageukia ukutani nikalia.

Nililia kwa sababu hii. Pale wodini, nesi alipokuja kuandika jina, wewe ulikuwa bado nje. Mwili wote ulikuwa unaniuma, nikafikiria vile vigelegele, nikafikiria kile kitufe. Nikamwambia aandike Maka. Filemon akasema ngoja kwanza mke wangu, huyu ni wa mama. Nikasema andika. Mama, sikuandika kwa kumpenda yule mwanamke wa kwenye simu. Nilitaka uumie. Nilitaka umngoje mjukuu wa jina lako umkose. Wewe ukaingia, ukampokea mtoto kwa khanga yako mpya, ukauliza kama huyu ndiye wewe. Nikasema ndiyo mama, ni wewe.

Mpaka leo kadi ya kliniki na cheti vinasema Maka Filemon. Ile siku tuliyokwenda wote kliniki tukarudi, nikakwambia chanjo zimeisha, hazikuwa zimeisha. Nesi aliita jina mara tatu na mimi nikakaa kimya kwa kuwa ulikuwa pembeni yangu. Nilimpeleka siku iliyofuata. Nilimkosesha mtoto sindano yake ya siku ile ili uongo wangu usionekane, na hasira yenyewe ilishaisha zamani, imebaki aibu.

Sasa umenipigia kwamba umemdarizia gauni jeupe lenye jina Aika kifuani, na kwaya nzima imeshalishika hilo jina. Nimeuliza ofisini, cheti kinaweza kubadilishwa, taratibu. Lakini mchungaji Jumapili atatamka jina utakalomtajia wewe. Ukisema ni Aika, atakuwa Aika, na nitashukuru mpaka nazeeka. Ukisema jina lako umelichukua tena, hatutabishana.

Filemon alishauri tukufungie barua hii na jani la sale, akasema mama hana ujanja hapo, sale ikifika lazima asamehe. Nimeliomba kwa jirani, nikalikata, nikalishika mkononi. Nimeliacha. Wewe uliletewa mtoto kwa uongo, usiletewe na msamaha kwa nguvu. Siku ile ya mzigo mimi sikuweza kukwambia hapana. Nataka wewe uweze.

Jumamosi saa nne tutashuka pale njia panda ya kanisa, mimi, Filemon na watoto wote wawili. Usipokuja kutupokea nitajua, na tutapanda wenyewe taratibu.

Msalimie mama Wilbert, na umpe pole shangazi Flavia kwa jino lake. Salvina amenishika kalamu hapa, anasema amekuwekea maandazi mawili. Mungu akupe nguvu ya goti, na akupe siku nyingi za kunigombeza.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Herieth