Oili Nzito ya Lori la Kijiji

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Mafua yamekuacha? Sisi hapa Kwihara wazima, alhamdulillahi.

Eti rafiki yako anakushauri uweke oili nzito kwenye gari? Astaghfirullahi! Enzi za Ujamaa niliendesha lori la kijiji. Tukiwa tunawahisha tumbaku mjini kabla ya mvua, niliwaambia wanakijiji mpaka nikachoka: injini hii inataka nyepesi. Mwenyekiti, mrina asali, akachovya kidole kwenye debe la oili nzito. "Bwana dereva, asali nzuri ni nzito. Wanaoafiki?" Mikono yote juu, na wangu pia, nisionekane mpinzani. Tukaimimina. Injini ikanoki, ikazima kabla ya kufika mjini, mvua ikaozesha tumbaku yote. Mkono ule unaniudhi hadi leo.

Fuata kitabu cha gari. Nijibu upesi, umeweka ipi?

Babu yako