Ngeleka Omer, Mgeni wa Saba wa Kibanda Kinachovuja

Mwaka umetimia, Omer, tangu utuache tarehe 21 Oktoba 1957, na mama yako bado hajamaliza kukugombeza. Alijaribu kukuacha upumzike. Ameshindwa. Basi sisi wa nyumbani tunakuandikia hapa, watu wa Kolwezi nao wasikie, kwamba tunakupenda na kwamba ulikuwa mbishi.

Ulikuwa mwema, hilo hakuna anayelikana. Ulitengeneza vitanda vya majirani bila kuombwa mara mbili, na misalaba ya makaburini ya wajane wa mtaa wa Manika uliiandika majina kwa mkono mzuri kuliko wa karani yeyote. Mkate wa mwisho mezani hukuugusa kamwe. Riziki yako ilikuwa kuandika vibao vya maduka. Lakini moyo wako ulikuwa kwenye picha, na picha zenyewe zilikuwa za sikukuu zisizo zetu.

Ilianza mwaka 1953, Bwana Nissim, Myahudi muuza vitambaa, alipokuita umjengee kibanda uani pake. Ndiyo desturi yao kila mwisho wa kiangazi: hula chakula ndani ya kibanda siku saba, wakikumbuka babu zao waliotembea jangwani bila nyumba. Wewe, mjukuu wa mwezekaji hodari wa Kasai, ulikiezeka kwa nyasi tabaka mbili, tone lisipite. Bwana Nissim akaingia, akatazama juu, akashika kichwa.

“Omer, nyota ziko wapi?”

“Nyota? Bwana, mi nimeziba zote.”

“Fungua! Paa ambalo halionyeshi nyota, kwetu haliko kibanda.”

Ulirudi nyumbani ukicheka hadi ukakaa chini. Mama yako, aliyetega mabeseni chini ya paa bovu utoto wake wote, hakucheka.

“Weye mutoto, nani anajenga nyumba ya kuvuja?”

“Mama, ile nyumba inatakiwa kuvuja. Njo maana yake.”

“Maana ya nyumba ni kukauka, Omer.”

Hukusikia. Kutoka siku hiyo ukashikwa. Bwana Nissim alitaka mapazia tu kwenye kuta. Wewe ukampelekea picha, ulizozichora juu ya mbao za masanduku yake ya vitambaa. Pembe ya kondoo wanayopuliza mwaka wao mpya ukaichora pale juu ya mgodi mahali pa king'ora, na wachimbaji chini yake wameinua nyuso. Samaki wa Yona, ambaye habari yake husomwa siku yao ya kufunga, ukamlaza ndani ya shimo la mgodi lililojaa maji, na kinywani mwake anachungulia baba yako, Tata Kazadi, amevaa kofia ya kazi. Baba yako alisimama mbele ya picha ile muda mrefu. Akasema, “Angalau samaki amenitunzia kofia.”

Picha zilikuwa nzuri. Mama yako hakukwambia, na hilo anajigombeza mwenyewe. Lakini rangi! Ulizisaga wewe: kijani cha jiwe la malakiti, udongo mwekundu wa njiani, masizi, udongo mweupe. Ukazikoroga kwa uji wa muhogo ambao dada yako Ndaya aliupika tuunywe asubuhi. Rangi ya uji, chini ya paa lenye matundu, mwezi ambao mvua inaanza. Mtoto wa shule ya chekechea angejua mwisho wake. Kila mwaka mvua ya kwanza ilishuka, picha zikateremka ukutani hadi kwenye udongo, na wewe ukasimama unazitazama kama mtu anayesindikiza wageni.

Baba yako alikuletea kopo la rangi ya mafuta, ya buluu, isiyoogopa maji. Ulimshukuru vizuri, kwa mikono miwili. Kisha ukapaka mlango wa choo. Mlango ule unang'aa mpaka leo, Omer. Miaka mitano ya kazi yako imekwenda na maji, na choo tunacho.

Barua ilipokuja kutoka Elisabethville, mwalimu wa uchoraji akikuomba picha tatu za maonyesho, ilikuta mwezi wa kumi na moja na mbao tupu.

“Nimwandikie nini?” mama yako aliuliza, kalamu mkononi.

“Mwambie aje mwenyewe mwezi wa kumi. Abebe mwavuli.”

Mwaka jana ulimwahidi Bwana Nissim wageni saba. Wao husema kila siku ya sikukuu mzee mmoja wa zamani hualikwa kibandani: Ibrahimu, Isaka, Yakobo na wenzao, hadi siku ya saba, zamu ya Daudi. Ulipeleka ubao mmoja kila siku. Ibrahimu alikuwa na uso wa baba yako. Musa ulimpa uso wa Numbi, yule anayepuliza filimbi kwenye gari-moshi la Mutshatsha, eti naye hutoa watu. Siku ya sita mvua ilikukuta ukipigilia msumari. Ungeingia ndani kama wenye sikukuu walivyoingia. Ulikaa. Ulirudi umelowa, unatetemeka, unaeleza namna kijani kilivyoingia kwenye chekundu. Siku ya saba hukuinuka kitandani. Kifua kilikaza, na daktari alifanya alichoweza.

Sisi nasi tulikosea. Tulikuvika koti lako zuri, na hakuna aliyepekua mfuko. Picha yako ya kitambulisho, ya pekee uliyowahi kupigwa, ilizikwa nawe. Siku tisa mama yako alitafuta chini ya kila godoro, mpaka Ndaya akageuza ubao uliobaki jikoni, umeegemea ukuta karibu na mkaa. Mgeni wa saba. Daudi. Alikuwa wewe, na brashi nyuma ya sikio.

Kwa hiyo mwaka huu, mwezi wa tisa, Bwana Nissim alipokuja kwa adabu, kofia mkononi, kusema mgeni wake wa saba hakufika, mama yako alisimama mlangoni.

“Huyu haiko mgeni, Bwana. Huyu ni mutoto wangu. Sina mwingine wa sura hii.”

“Mama Simone, siku moja tu. Aliniahidi.”

Baba yako akasema kutoka ndani, polepole, “Simone. Omer alisema saba.”

Mama yako alikubali, kwa masharti yake. Jumapili tarehe 5 Oktoba, baada ya misa, alikubeba mwenyewe, wewe wa kwenye ubao, umefungwa ndani ya kitenge. Nyuma yake Ndaya alibeba bati kichwani.

“Bati la nini?” akauliza Bwana Nissim.

“La juu ya mutoto.”

“Mama, chini ya bati haiko tena kibanda. Iko garaji.”

“Na mvua ikija?”

“Mvua ikiingia kwenye supu, sheria yetu inaturuhusu kuingia nyumbani.”

Mama yako akauonyesha ukuta. “Na hawa waliokuwa hapa? Nani aliwaingiza ndani?”

Miaka mitano watu walikimbia na sahani zao, na hakuna aliyebeba mgeni hata mmoja. Wewe mwenyewe hukuomba. Bwana Nissim akakitazama kiti kilichoachwa wazi kwa ajili ya mgeni, akamvutia mama yako akae.

“Bati libaki nje,” akasema. “Mengine niachie mimi.”

Wakakutundika ukutani, mama yako akakaa, macho juu. Supu ilikuwa na ndimu nyingi mno. Mawingu yalitokea upande wa Mutshatsha. Tone la kwanza likaanguka ndani ya sahani ya Bwana Nissim, katikati kabisa, na mtu yule mnene, mzee, aliacha supu, akapanda juu ya benchi, akakung'oa ukutani. Mama yako alikuwa ameshika upande wa pili. Walipita mlangoni pamoja, wamekuficha kati ya koti lake na kitenge, kila mmoja akimwambia mwenzake, “Taratibu! Taratibu!”

Umerudi nyumbani, Omer. Uko ukutani, mbali na jiko. Dole gumba la Bwana Nissim lilikuwa na maji, likafuta sikio lako la kushoto. Aliomba radhi machozi yakimlengalenga. Mama yako alimwambia asijali: sikio hilo hukulitumia hata ulipokuwa nalo.

Mwakani utakwenda tena siku ya saba, maana uliahidi. Utakaa na wenzako. Na supu ikiingia maji, utarudi ndani kama watu wote.

Wanaokuwaza: baba yako Kazadi Henri, mama yako Mianda Simone, dada yako Ndaya, shangazi yako Elise, Numbi wa gari-moshi, na Bwana Nissim, aliyeomba aandikwe.

Kiangazi na masika, hutatutoka moyoni.