Nyigu Wawili wa Nyumba ya Mama

Yaya, dada yangu mkubwa,

Nilikukumbuka, na ndiyo sababu nilimshika mkono mume wangu asiwachome nyigu. (Mume wangu! Bado nalisema neno hili nikicheka peke yangu.) Nyigu wamejenga juu ya dirisha letu hapa Kisangani, naye alikuwa ameshawasha karatasi.

"Chérie, hivi vitu vitatuluma!"

"Waache. Nimekulia nao."

Unawakumbuka wale wa nyumba ya mama, kule Yanonge? Walianza wawili, ndugu kwa ndugu. Wakapigana, kisha mmoja akainamisha kichwa. Tangu hapo ndiye aliyekwenda kukwangua mti wa mtumbwi wa papa, marehemu baba yetu, akautafuna, akaleta wa kujengea. Mwenzake alikaa kwenye kiota akitaga. Siku moja yule wa kazi naye akataga yai. Mwenzake akaja, akalila. Nililia, ukanipakata.

"Wee mutoto, usilie. Hawa batoto yote iko yake pia."

"Na yai yake?"

"Bon, kula kwanga yako ya muhogo."

Nikala, Yaya, nikakua. Ulikausha samaki, ukauza, ukanisomesha hadi nikapata diploma. Yule mwalimu wa Isangi alipokuja kukuposa ulimrudisha, kwa sababu mama hakuweza tena kuinuka kitandani, na mimi nilikuwa bado shuleni.

Siku ya harusi yangu nilipendeza, Yaya! Mume wangu alinitazama kana kwamba kanisani hamna mtu mwingine. Lakini mimi nilitazama mlango. Kila aliyeingia hakuwa wewe. Wewe ulikuwa Yanonge, ukimgeuza mama ubavu. Tangu siku ile, akinikumbatia, furaha inanijaa, halafu nakuona jikoni peke yako na moshi, na machozi yanakuja. Ananiuliza kuna nini. Siku ile ya nyigu nilimweleza yote.

"Mama yako iko mama yangu," akasema. "Donc, basi, chumba kile cha nyuma ni cha nani?"

Tutakuja kwa boti kumchukua mama akae kwetu. Nasikia mwalimu bado hajaoa. Sijui kama bado unamtaka, na naogopa tumechelewa. Pengine unachotaka ni kulala tu mpaka jua liwe juu. Utachagua mwenyewe. Mashuka ya mama usiyafue, nitayafua mimi. Mwezi huu hautaisha kabla hujatuona tukishuka pale ufukoni.

Mdogo wako