Vichwa vya Gereza

Alhamisi, 2 Machi 2017

Barafu imeachia. Hivi ndivyo mitaa ya Tamarack inavyokufa kila mwaka: maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda, yanavimba, yanayeyuka — na lami inabaki kama mkate uliolowa. Nimeshinda Mtaa wa Cottonwood na Orville, msimamizi wa genge la barabara. Yeye anajaza mashimo, mimi napima. Kila akimaliza moja hulikanyaga kwa kisigino.

"Hili nalijua tangu likiwa dogo, injinia. Nimelilea."

Nilimweleza kwamba kutia viraka si matengenezo bali ni kuahirisha. Akasema hata kula ni kuahirisha.

Saa nne Bi. Loretta Dzik alitoka nyumba ya mwisho akimsukuma mumewe, Stan, kwenye kiti cha magurudumu. Gari linalompeleka hospitali kusafishwa damu halishuki tena Cottonwood. Lilivunja ekseli Desemba. Basi mara tatu kwa juma mama huyu, mwenye miaka sabini na minne, humsukuma mzee mpaka kona ya barabara kuu. Nyumba kumi na moja. Mashimo sikuyahesabu mbele yake.

Nikawaahidi. Kwa kauli thabiti, kama inavyompasa mtu mwenye dhamana: kabla ya theluji ijayo mtaa huu utafumuliwa na kutandikwa lami mpya.

"Tumesikia, mwanangu," Stan akasema. "Ila fanya haraka. Mimi sina theluji nyingi."

Nimeuandika Cottonwood nambari moja katika mpango wangu wa kiangazi. Mpango wenyewe unasimama juu ya mguu mmoja. Jimbo hutoza kodi kwenye kila galoni ya petroli, kisha huigawia miji kwa kadiri ya idadi ya watu. Bila fungu hilo hatuna hata lami ya kiraka. Idadi tunayotumia ni ya sensa ya miaka saba iliyopita. Tangu hapo nyumba mia moja na arobaini zimeota upande wa mashariki, palipokuwa na mahindi. Ndiyo maana nilipoajiriwa nilishauri baraza liombe hesabu mpya. Wazo langu kubwa la kwanza! Bi. Wilma, karani wa mji kwa miaka thelathini, alitaka zihesabiwe nyumba mpya tu. "Usimwamshe aliyelala, binti." Nilimjibu hadharani kwamba takwimu nusu ni ukweli nusu, na mji mzima ukahesabiwa. Wajumbe wawili walipiga makofi.

Matokeo ni mwezi huu.

Jumanne, 14 Machi

Tumepungua.

Nilidhani ni kosa la chapa. Watu mia nane na kumi na wawili pungufu! Nilikimbia na karatasi hadi kwa Bi. Wilma. Hakuisoma. Alifunga mlango kwanza.

"Gereza," akasema.

Gereza la jimbo lilifungwa miaka miwili iliyopita. Hilo nalijua, napita kwenye uzio wake kila asubuhi. Nililokuwa silijui ni kwamba wafungwa wote, zaidi ya elfu moja, walihesabiwa katika sensa ile kama wakazi wa Tamarack. Mtu huhesabiwa anapolala. Hakuna hata mmoja wao aliyeendesha gari katika mitaa hii, lakini kila kichwa kilileta fungu lake la kodi ya mafuta. Walipohamishwa, vichwa vyao vikabaki kwenye daftari vikiendelea kututengenezea barabara mpaka sensa ijayo, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Mimi nimeuliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ulitaka nisimame barazani, mwandishi wa gazeti ameketi pale na kalamu, nitangaze kwamba tunakula kwa watu wasiokuwepo? Hapa kila mtu anajua, na hakuna asemaye. Tungehesabu zile nyumba mpya peke yake, tungeongeza zetu na wale wangebaki."

Kisha, kwa sauti ya chini: "Nilidhani msomi kama wewe ataelewa nusu ya neno."

Jumatano, 15 Machi

Nimekokotoa mara tatu. Jibu halibadiliki. Ukitoa chumvi ya majira ya baridi na taa za njia panda, kinachobaki hakitoshi hata nusu ya Cottonwood.

Chuoni nilipata alama ya juu kabisa katika somo la takwimu.

Sikula.

Jumanne, 4 Aprili

Kikao cha baraza. Nilivaa suti. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa nne, yenye kukiri kosa katika ya kwanza — sikupewa nafasi. Meya Stroud, mwenye duka la chakula cha mifugo, alisema tu, "Sensa imetukata," kama mtu anayesimulia mvua ya mawe. Hakunitaja. Bi. Wilma akaandika vivyo hivyo kwenye kumbukumbu. Wananisitiri. Ningeona afadhali wangenitukana.

Halafu likaja lenyewe. Mitaa minne ambayo mji hauwezi tena kuitunza itakwanguliwa lami yote na kurudishwa changarawe, jinsi ilivyokuwa enzi za mababu zao. Changarawe ni rahisi: Orville atapitisha greda mara mbili kwa mwaka, basi. Wa kwanza ni Cottonwood.

"Tuandikie azimio, binti Kessler," Meya akaniambia tukitoka. "Wewe una lugha."

Nimeliandika. Ni azimio zuri, aya zake zimeshikana. Hilo ndilo linalonitia kinyaa.

Jumatano, 12 Aprili

Nilimuuliza Orville kuhusu kiti cha magurudumu juu ya changarawe.

"Umewahi kusukuma toroli la saruji kwenye kokoto?"

"Hapana."

"Basi jaribu. Halafu mweke mtu ndani."

Nilipendekeza tuache ukanda mwembamba wa lami pembeni. Orville akasema greda itaung'oa siku ya kwanza. Meya akasema tukiwapa Cottonwood kichochoro, mitaa mingine mitatu nayo itadai. Nikaipigia simu kampuni ya lile gari. Mwanamke mpole alinijibu kwamba magari yao yenye lifti hayaruhusiwi kuingia barabara isiyo na lami. Wao humngoja abiria lami inapoanzia.

Yaani kona ileile, nyumba kumi na moja. Ila sasa kwa kokoto.

Sina pendekezo lingine. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuandika sentensi hiyo.

Jumamosi, 22 Aprili

Wakazi lazima wapewe notisi, na asiyekubali awasilishe pingamizi kwa maandishi kabla ya Jumatano. Nilizigawa mwenyewe, mlango kwa mlango. Nyumba ya mwisho niliikawiza.

Bi. Loretta aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akanikaribisha ndani, akanimiminia kahawa. Stan alikuwa kwenye kochi, miguu imefunikwa blanketi.

"Changarawe, Stan. Wanaturudishia changarawe."

"Mwanzo walikuwa wanipe lami," Stan akasema. "Wakikawia tena watanipa udongo."

Hakuna aliyecheka ila yeye.

Nilingoja anilaumu. Badala yake Bi. Loretta alinishika mkono. Akasema kule ofisini ni mimi tu niliyewahi kufika mpaka mlangoni kwake, kwa hiyo mimi ni wao. Mkono wake unatetemeka, hawezi kuandika. Je, nitamwandikia pingamizi? Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Akawa anasema, naandika. Saluni amesikia kwamba kuna mtu pale ofisi ya mji, mtu mmoja tu, aliyeng'ang'ania tuhesabiwe upya ilhali hakuna aliyemtuma.

"Andika atajwe," akasema. "Kwa jina. Nataka aje ausukume huu mkokoteni mpaka kona, mara moja tu, akiwa na Stan ndani."

"Mimi ndiye mkokoteni," Stan akasema.

Nikaandika. Nikanywa kahawa yote. Nikawaaga.

Sasa barua iko mezani kwangu. Niliahidi kuipiga chapa. Aya ya kwanza nimeimaliza. Ya pili inaanza: *Tunaomba aliyeshauri hesabu hii atajwe kwa jina mbele ya baraza na wakazi.* Nimeirekebisha mara tano. Haina kasoro.

Bi. Loretta amepiga simu sasa hivi. Anataka kujua kama ile sehemu ya jina imekaa vizuri, au ni kali mno.

Nimemwambia inaweza kuwa kali zaidi.

Amenishukuru sana. Atapiga tena wakishakula, ili niwasomee yote neno kwa neno, Stan naye asikie.