Pipa la Mama Limeondoka na Lori

Jumamosi, mwisho wa Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umefunika Matogoro yote, huwezi kujua kama kuna mlima pale.

Mwenzenu leo sina hali. Nimekaa kwenye intaneti kafe ya hapa stendi, na dada wa kaunta ameshaniuliza kama macho yananiuma. Nimemwambia ni dawa za kazini. Uongo mwingine huo. Wiki hii nimedanganya hadi nimechoka, kwa hiyo ngoja niseme kweli hapa, ambapo hakuna anayenijua.

Leo mchana nimebandika lebo ya sumu kwenye pipa la mama yangu.

Nianze na kazi yenyewe, la sivyo mtadhani nimechanganyikiwa. Nje kidogo ya mji kuna ghala la chama cha ushirika cha tumbaku ambacho siku hizi hakipo. Walipoingia wanunuzi binafsi, kila mtu akawa na ruksa ya kununua na kuuza anavyotaka, chama kikayumba, kikafa, na ghala likapigwa kufuli na dawa zote za wadudu zikiwa ndani. Zimekaa humo miaka. Makopo yameoza, mifuko imepasuka, sakafu imeloa kitu ambacho hutaki kukikanyaga. Sasa ndiyo wamekuja watu kutoka Dar kuzifunga upya zisafirishwe, kwa lori mpaka bandarini, halafu kwa meli mpaka Ulaya kwenye tanuru la kuchomea sumu. Walitaka vibarua wa hapahapa. Mimi nilipata kwa sababu ya mwandiko.

Kazi yangu ni lebo. Wenzangu wanavaa ovaroli, glavu, buti za mpira na barakoa zenye vichujio, wanachukua kopo bovu wanalitia ndani ya pipa jipya la chuma, pembeni wanajaza ule udongo mkavu wa kunyonya kinachovuja. Dawa ya maji haichanganywi na ya unga. Mfuniko unabanwa kwa pete ya chuma na bolti, halafu wananiita. Nabandika alama yenye fuvu na mifupa, ubavuni, mahali pa wazi, na chini yake naandika kilichomo na uzito wake.

Msimamizi wetu ni Rehema, dada wa rika langu, hijabu yake safi hata mahali kama pale, anaongea polepole lakini hana mchezo. Siku ya kwanza alituambia kwamba lebo ni ya mtu ambaye hayupo. Ni ya dereva, ya mpakuaji wa bandarini, ya zimamoto wa nchi ambayo wewe hutafika. Yeye hana wa kumuuliza, ana maandishi yako tu. Kwa hiyo usiandike unachodhani. Usipojua kilichomo, andika HAIJULIKANI na uache hivyo.

Niliipenda ile kazi, jamani. Nilijiona mtu.

Mpaka Jumatatu, Rehema alipotufundisha habari za mapipa matupu. Alisema pipa lililokaa dawa halitakati. Unaosha, unachoma majani ndani, unasugua kwa mchanga, na dawa bado imo kwenye kutu na kwenye mikunjo ya bati. Kwa hiyo pipa tupu nalo linafungwa na kubandikwa lebo kama lililojaa. Akauliza kama tunajua watu walioondoka na mapipa ya pale ghala lilipofungwa, maana yote yanatakiwa yarudi.

Mikono iliinuka. Wangu ulibaki mapajani.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mtunza ghala wa chama kile. Mpaka leo mtaani kwetu Matarawe wanamwita Bwana Stoo. Chama kilipokufa, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua kitu cha kuagana. Mwingine alichukua dirisha, mwingine mzani. Baba alichagua pipa. Nakumbuka alivyokuja analiviringisha, anacheka peke yake, na mama amesimama mlangoni ameshika kiuno anasema, "Hiyo sasa ndiyo pensheni yetu ya uzeeni?" Baba akamjibu, "Hili ni bomba lako, mke wangu. Hutakwenda tena mtoni."

Mama aliliosha kwa majivu na maji ya moto. Akawasha majani makavu ndani yake. Akaosha tena. Ubavuni lilikuwa na fuvu, likawa linatisha watoto wa jirani, basi akalipaka rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka mlango. Likawekwa chini ya bati, mvua ikaja, na kuanzia hapo mama hakutaka maji mengine. Alisema maji ya mvua yanaivisha maharage upesi. Alifunga kikombe cha bati kwa kamba pembeni, mpita njia akiwa na kiu anakaribishwa. Alikuwa analipiga lile pipa ubavuni kwa kiganja kila asubuhi kusikiliza limejaa kiasi gani, na mimi kitandani nikisikia hivyo nilijua kumekucha.

Mama alifariki mwaka juzi. Figo. Alivimba miguu, akavimba uso, tukampeleka hospitali ya Peramiho, wakahangaika naye sana, ikashindikana. Alikuwa hajazeeka.

Jumatatu ile nilirudi nyumbani nikalikalia jiwe mbele ya pipa mpaka Baba akaniuliza kama nimefukuzwa kazi.

Nilimuuliza Rehema kesho yake, pembeni. Nilimwambia ni jirani, eti jirani yangu alikunywa maji ya pipa la hapa ghalani akafa kwa figo, inawezekana? Alinitazama muda. Nadhani alijua. Akasema, "Inawezekana, na inawezekana siyo. Pole, dada yangu. Hakuna mtu atakayekuambia kwa uhakika sasa hivi." Halafu akasema pipa lazima lije, liwe la mtu yeyote.

Sasa nimwambieje Baba? Mzee ambaye hana alichobakiza cha kujivunia ila funguo za ghala lisilo lake na pipa alilomletea mkewe. Nilianza kuteka maji ya bomba kwa jirani, naficha ndoo chumbani, nampikia kwayo. Akaona. Akasema, "Siku hizi maji ya mama yako hayakufai?" Nikasema yana viluwiluwi.

Alhamisi ikabidi. Tulikuwa tunakula ugali na likolo, mboga ile ya majani ya maboga anayoipenda, na nikasema, macho yangu yako kwenye sahani, "Baba, kule ghalani wanaomba vyombo vyao vyote virudi. Na pipa letu."

Kazi yangu ya pale yeye aliijua kuwa ni ya kuandika tu. Baba akaacha tonge mkononi. "Kumbe chama kinarudi?"

Nilikuwa na nafasi pale. Neno moja tu, hapana. Badala yake nikasema, "Wanakusanya vitu, Baba." Yeye akasikia alichotaka kusikia, na mimi nikamwacha asikie. Usiku ule alikula akamaliza, jambo ambalo hajafanya tangu msiba.

Jana nimerudi nikamkuta amewaita majirani waje wachote maji yaliyomo yasimwagike bure. Mama Anna wa nyumba ya pili ameshajaza ndoo yake na anajitwisha. Yesu wangu! Nilipiga kelele, nikamnyang'anya ndoo nikaimwaga, halafu nikalisukuma lile pipa kwa miguu yote miwili mpaka likaanguka na maji yakaenda uani. Mama Anna alisonya akasema, "Mtoto huyu sijui amekunywa nini."  Baba aliliinua, akaanza kulisugua kwa mchanga, ili alirudishe safi. Alilisugua mpaka giza.

Nilimwambia leo asubuhi nitalipeleka mimi kwa mkokoteni. Akakataa.

Kwa hiyo saa nne hivi, sisi tuko kazini tunamalizia shehena ya mwisho, nikasikia mngurumo wa bati barabarani. Nikajua. Nilitoka nje. Baba anakuja kwenye manyunyu, amevaa lile koti la kaki la kazini lililomkaa kubwa siku hizi, kofia kichwani, analiviringisha pipa la bluu kwa mkono mmoja, mwingine umeshika funguo. Watu wa vibandani wanamtania, "Bwana Stoo, unahama?" Na yeye anawajibu kwa sauti, "Nimeitwa! Chama kimeamka!"

Nilitamani ardhi inimeze.

Rehema alimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akajitambulisha kuwa ndiye mtunza ghala, akanyoosha funguo. Kufuli lile lilishakatwa zamani. Rehema alizipokea kwa mikono miwili, Mungu ambariki. Halafu Baba akachungulia ndani, akaona mapipa mapya yamepangwa mstari kwa mstari, yote yana fuvu ubavuni. Akauliza tumbaku itaanza kupokelewa lini.

Rehema akanitazama mimi. Akaondoka, akatuacha.

Nilimvuta Baba pembeni, chini ya ukingo wa bati, nikamwambia kwa Kingoni, kwa sababu ndiyo lugha ambayo sijawahi kumdanganyia. Kwamba hakuna chama. Kwamba dawa zote zinapelekwa kuchomwa mbali. Kwamba pipa nalo linakwenda kuchomwa, kwa kuwa halikutakata siku ile na halitatakata kamwe. Kwamba nimemwacha aamini vingine kwa siku mbili nzima kwa sababu ya woga wangu.

Alivua kofia. Akasema, "Tuliambiwa ukiosha kwa majivu inatosha. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia wakulima hivyo."



Akaigeuzageuza ile kofia. Halafu akauliza, "Na mama yako?"

Jamani, hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia wiki nzima. Ningeweza kumwambia hapana, Baba, mama aliumwa kivyake. Angeniamini. Angelala leo. Nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo, na kilichotoka ni lile neno ninaloliandika kutwa. "Haijulikani, Baba."

Aliinamisha kichwa taratibu, kama anayekubali mzigo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na barakoa shingoni, mbele ya wenzangu wote.

Waliikwangua ile rangi ya mlango ili lebo ishike, na fuvu la zamani likatokea chini yake, limefifia lakini lipo. Walikata kamba ya kikombe. Niliandika: PIPA TUPU, MABAKI YA DAWA YA TUMBAKU. Mwandiko wangu mzuri wote ukaniacha. Nilipobandika, kona moja ikajikunja kwa sababu ya unyevu. Nikasema basi, itatosha.

Baba akasogea. Akaweka kiganja chake juu ya lebo, akaikandamiza, kona kwa kona, polepole, kiganja kizima. Alikandamiza muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akasema, "Ishike vizuri. Isije ikabanduka njiani, mwanaume mwingine akalipeleka kwa mkewe."

Lori limeondoka saa tisa. Alisimama barabarani mpaka lilipopotea kwenye kona ya kuelekea Njombe, kofia bado iko mkononi. Nilimshika mkono turudi, akakubali kushikwa. Nimemwacha nyumbani amejilaza, nadhani ni kwa ajili yangu, ili nisikae kumtazama.

Pale chini ya bati pamebaki duara lililobonyea kwenye udongo, na sasa mvua imeanza kunyesha kwelikweli, naisikia juu ya bati la hapa kafe. Itakuwa imeshalijaza. Ningemnunulia pipa jipya la plastiki, yako mengi sokoni siku hizi, ya kila rangi, lakini sijui kama atataka kitu chochote kisimame pale.

Nilipokuwa natoka aliniita kutoka chumbani. Amesema kesho, misa ikiisha, twende makaburini kwa mama. Kuna jambo anataka kumwambia yeye mwenyewe.

Nitakwenda naye. Sitamdanganya tena, hata kwa kunyamaza, hilo nimeapa. Ila nauliza tu: akianza kumwambia, mimi nitasimama wapi?